Choki ya Timau, Jua la Isiolo

Kutoka Timau kushuka Isiolo ni mwendo wa saa moja hivi, na ndani ya saa hiyo abiria huvua koti, akavua sweta, mwishowe akafungua vifungo vya shati. Timau imekaa begani mwa Mlima Kenya, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, katikati ya mashamba ya ngano, viazi na kabeji, na alfajiri yake haina huruma kwa vidole. Barabara hufika njia panda ya Subuiga panapokatiwa kwenda Meru, kisha huporomoka. Chini, kwenye mita 1,100 hivi, ndipo Isiolo ilipo, jua limeshakolea na vumbi limeamka kabla ya maduka. Dereva wa Probox haoni tofauti ila kwenye nguo zake. Dereva wa gari la kabureta ana kazi moja ndogo ya kufanya njiani, nayo inachukua nukta chache tu. Asipoifanya, halipi siku hiyo. Hulipa baadaye, kwa jumla.

Watu wa kisa hiki nimewabuni. Barabara, jua na kabureta sikuvibuni, na makosa yenyewe ni ya kawaida kuliko mafundi wanavyopenda kusema mbele ya wateja.

Palikuwa na kijana wa Timau ambaye mjomba wake alichoka kuendesha, macho yakiwa yameanza kufifia, akamwachia Land Rover 109 ya Series III, ya petroli, injini ya silinda 4 na cc 2,286. Aina hiyo ilitengenezwa Uingereza kuanzia 1971 hadi 1985. Hii ya mjomba ilikuwa na namba za zamani, zile zilizokuja kabla ya mfululizo wa KAA. Huku kwetu Land Rover ina heshima yake: ililetwa na serikali, na wamisionari, na watu wa mifugo na wanyamapori, ikabaki mikononi mwa raia wengine wote walipoiacha. George Adamson, mlinzi wa wanyamapori aliyekuwa na makao yake Isiolo, ndiye aliyemleta nyumbani simba Elsa mwaka 1956, na picha za simba huyo amelala juu ya Land Rover zilizunguka dunia nzima. Wazee wa hapa wanapoliona boneti lile lenye gurudumu juu yake hawaoni chuma, wanaona ujana wao.

Kijana alikuwa amejifunza udereva kwenye Probox, na kisa chote kinaanzia hapo. Gari la siku hizi lina kipimo cha joto kinachoiarifu kompyuta hali ya injini. Kompyuta huongeza petroli injini ikiwa baridi, ikaipunguza kadiri joto linavyopanda, dereva akiwa anatafuta stesheni ya redio. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8 tangu litengenezwe, kwa hiyo gari linaloshuka melini Mombasa leo halina kabureta. Zile Peugeot 404 na 504 zilizobeba watu na miraa, Datsun 1200 za sokoni, Land Rover za kaskazini, nyingi zikiwa na kishikio cha choki kwenye dashibodi, zimebaki chache, na waliozijua wanazeeka nazo. Gari linarithiwa kwa kadi ya usajili. Namna ya kuliendesha hurithiwa kwa mdomo, ikirithiwa.

Mjomba alirithisha hivi: "Asubuhi vuta choki, usiguse mafuta, piga starta. Likiwaka, twende."

Basi. Maneno yote hayo ni sahihi. Kilichokosekana ni neno moja, na mjomba hakulificha kwa ubaya. Kwa miaka mingi mkono wake ulikuwa ukirudisha kishikio wenyewe huku mdomo wake ukisalimia watu wa kijijini, na jambo linalofanywa na mkono peke yake kichwa husahau kulifundisha. Nimeona wapishi hodari wakikosea hivyo hivyo wanapotoa maelekezo ya pilau.

Tueleze choki inafanya nini, maana wengi huiona kama kidude cha kuliamsha gari na kuishia hapo. Petroli haiwaki ikiwa majimaji. Kinachowaka ni mvuke wake ukichanganyika na hewa. Injini iliyopata moto hutaka kilo 14.7 hivi za hewa kwa kila kilo 1 ya petroli. Injini baridi haipati mchanganyiko huo hata kabureta ikiwa sahihi, kwa sababu sehemu kubwa ya petroli hugandama kwenye kuta baridi za njia ya hewa na kubaki matone, na kinachofika kwenye silinda kikiwa mvuke hakitoshi kuwaka. Dawa ni kuzidisha petroli ili hata kile kidogo kinachovukika kitoshe. Ndani ya koo la kabureta, juu, kuna kibati cha mviringo. Ukivuta kishikio, kebo inakifunga kibati hicho, hewa inazuiwa, mvuto wa pistoni unabaki kunyonya petroli, na mchanganyiko unakuwa mzito. Papo hapo vyuma vya choki hufungua kidogo mlango wa mafuta wa chini ili injini izunguke haraka na isizimike. Ndiyo maana mjomba alisema usiguse mafuta.

Alfajiri ya Timau inahitaji choki kweli, ila si kwa muda mrefu. Kwenye mwinuko ule hewa ni nyepesi, pungufu kwa karibu moja ya tano ikilinganishwa na Mombasa, na jeti za kabureta hazijui mwinuko. Zinatoa petroli kana kwamba ziko pwani. Mchanganyiko umeshakuwa mzito kabla hujavuta chochote. Ukivuta choki ukaiacha, umeongeza uzito juu ya uzito.

Siku za kwanza kijana hakupata shida, na sababu yake ilikuwa bahati. Kishikio cha choki cha gari lile kilikuwa kimechakaa, hakikai pale unapokivuta. Kila tuta lilikirudisha ndani kidogo kidogo, na kufika Subuiga choki ilikuwa imejirudisha yenyewe. Uchakavu ulikuwa ukifanya kazi ambayo hakuna aliyemfundisha kijana kuifanya. Lakini yeye aliona upande mmoja tu: alfajiri, gari likiwa bado baridi, kishikio kinateleza, injini inakohoa na kuzimika mbele ya wenzake. Akaenda kwenye kamba ya nguo ya mama yake, akachukua kibanio, akakibana nyuma ya kishikio. Choki ikatulia.

Alijivunia sana, na kusema kweli mimi pia ningejivunia. Ujanja wa jua kali ni kuona tatizo na kulimaliza kwa kitu kilicho karibu. Bahati mbaya tatizo alilolimaliza ndilo lililokuwa likimwokoa.

Waliobuni Land Rover walijua binadamu husahau. Waliweka kwenye dashibodi taa ndogo ya rangi ya chungwa ambayo huwaka injini ikishapata joto huku choki ikiwa bado imevutwa. Globu ya taa hiyo ilikufa zamani, enzi za mjomba, na mjomba hakuona sababu ya kununua nyingine ya kumkumbusha jambo asiloweza kusahau.

Ikawa ndiyo biashara. Kabeji, viazi na karoti zinapakiwa Timau gizani, zinashushwa Isiolo, nyingine zinavuka kwenda Archers Post, kilomita 35 hivi kaskazini. Gari likawa zito kupanda, kijana akasema ni mzigo. Likawa linatoa moshi mweusi, akasema ni gari la zamani. Kwenye mteremko wa Subuiga, mguu ukiwa umetoka kwenye mafuta, ekzosi ilipasua kama mbili tatu hivi, mbuzi wakaruka mtaroni. Tanboi akacheka, akasema gari lina mdomo. Petroli ikawa inaisha upesi, akalaumu kituo cha mafuta kwamba kinapunja. Kila dalili ilipata maelezo yake, na kila maelezo yalielekea kweli. Hiyo ndiyo hatari ya gari kuukuu. Linazeeka mpaka watu hawatofautishi tena uzee wake na ugonjwa wake.

Dalili moja tu ilikuja imevaa uso wa habari njema. Land Rover za umri ule hula oili, kila mtu anajua. Hii ya kijana haikula. Kila alipochomoa kijiti alikuta oili iko juu, na baada ya wiki kadhaa imepita alama. Akawa anawaambia wenzake pale stendi Isiolo kwamba mjomba wake alimwachia injini ya aina yake, na yuko radhi kumwonyesha yeyote kijiti.

Aliyeonyeshwa kijiti bila kucheka alikuwa fundi mmoja mzee mwenye uwanja wake wa jua kali upande wa kutokea mjini, chini ya mgunga, mtu aliyefungua injini za Land Rover wakati lami ilikuwa ikiishia Isiolo na kuendelea kaskazini ilikuwa kazi ya malori na dua.

"Ulipima oili lini, kijana wangu?"

"Leo asubuhi, Mzee. Iko juu. Gari hili halili oili kabisa."

Mzee akachomoa kijiti, akasugua oili kati ya kidole gumba na cha shahada. Ilikuwa nyepesi, inateleza kama haipo. Akakisogeza kijiti puani mwa kijana. "Nusa."

Ilinuka petroli.

"Oili haizai, mwanangu. Ikiongezeka, kuna kitu kimeingia. Choki unavuta?"

"Asubuhi tu, Mzee. Kule Timau."

"Haya. Hilo sawa."

Kijana hakudanganya. Aliulizwa kama anavuta, akajibu anapovuta. Mjomba alifundisha kuvuta, Mzee akauliza kuvuta, na kijana akawa mtu anayevuta choki asubuhi tu, kama inavyotakiwa. Watatu hao wote wangeweza kula kiapo. Nami, pamoja na heshima yangu kwa mafundi wa rika lile, namlaumu Mzee hapo. Alikuwa amesimama mbele ya boneti. Hatua mbili tu zingemfikisha mlangoni mwa gari akatazama dashibodi kwa macho yake.

Badala yake alifikiria kitu kingine chenye mantiki. Petroli ya injini hii husukumwa na pampu iliyofungwa ubavuni mwa injini, na ndani yake kuna ngozi nyembamba inayopanda na kushuka. Ngozi hiyo ikitoboka, petroli inaweza kudondoka moja kwa moja kwenye oili. Ni ugonjwa unaojulikana. Mzee akabadilisha ngozi ya pampu, akamwaga oili yote, akatia mpya. Kijana akalipa, faida ya safari kadhaa ikaishia hapo, akaondoka na gari jepesi lenye sauti nzuri. Kesho yake alfajiri akabana kibanio mahali pake.

Wiki mbili baadaye kijiti kikapanda tena. Kijana akanusa mwenyewe, akaifahamu ile harufu, akafikia uamuzi kwamba Mzee amemla pesa. Hakurudi pale, na tangu siku hiyo hakumwonyesha mtu kijiti chake. Ukitafuta mahali hasa gari lilipopotea, usitafute kwenye kibanio. Ni hapo, pale mtu alipogeuza dalili ya ugonjwa kuwa ushahidi wa wizi, akanyamaza.

Kilichokuwa kikitokea ndani kinaeleweka. Petroli iliyozidi haiungui yote. Sehemu yake hugeuka masizi kwenye plagi na moshi mweusi, sehemu huwakia nje kwenye ekzosi yenye moto, ndiyo ile milio ya mteremkoni. Nyingine huteremka kwenye kuta za silinda ikiosha utando wa oili unaozitenganisha na ringi za pistoni, halafu hupenya chini na kuchanganyika na oili yenyewe. Oili iliyochanganyika na petroli haibebi uzito. Injini inazunguka, taa ya oili imezimika, kila kitu kinaonekana salama, na chuma kinasaga chuma.

Siku yenyewe ilikuwa ya jua kali la saa sita. Kijana alikuwa ameshavuka Ngaremara, gari limejaa kabeji, ngamia wakavuka barabara kwa ule mwendo wao wa kutojali. Akasimama. Injini ikatetemeka, ikazimika.

Injini ikizimwa katikati ya jua la Isiolo, joto lake halitoki, hupanda. Upepo wa mwendo umekatika, feni imesimama, na kwenye Land Rover ya petroli kabureta imekaa upande ule ule wa bomba la ekzosi, juu yake kabisa. Petroli nayo huanza kutoa mvuke wake mwepesi hata kabla ya kufika nyuzi 40, na chini ya boneti siku kama hiyo nyuzi 40 zimepitwa zamani. Mambo mawili yanaweza kutokea, yanayofanana kwa nje na kupingana kwa ndani. Petroli inaweza kuchemka kwenye mrija na pampu mpaka pampu isukume mvuke mtupu, injini ikafa kiu. Au inaweza kuchemka kwenye bakuli la kabureta na kufurika ndani ya injini, injini ikazama. Lile la kwanza huponywa kwa kitambaa chenye maji juu ya pampu na mrija, na subira. La pili huponywa kwa hewa: choki ndani kabisa, mguu ukandamize mafuta mpaka chini na ubaki hapo bila kupampu, kisha starta, ili hewa nyingi ifukuze petroli iliyozidi. Unayatofautisha kwa pua na plagi. Plagi ikitoka imelowa na harufu imejaa, injini imezama. Ikitoka kavu, injini ina kiu.

Choki haiponyi hata moja kati ya hayo. Lakini kijana alijua kanuni moja tu ya gari lisilowaka, na aliijua kwa sauti ya mjomba. Akahakikisha choki iko nje mpaka mwisho. Akakaza kibanio. Akapiga starta, akakanyaga na kuachia, akakanyaga na kuachia, kila mkanyago ukimwagia petroli injini iliyokuwa tayari imezama. Betri ikaanza kuzubaa. Tanboi akatoa ile hendeli ya kuzungushia injini kwa mkono, akazungusha mpaka shati likashikana na mgongo. Petroli ikaanza kudondoka juu ya ekzosi yenye moto, na kwa nusu saa nzima hakuna aliyewasha sigara. Hilo lilikuwa bahati, na bahati ya namna hiyo mtu asiitegemee mara mbili.

Likapita lori la mifugo likielekea kaskazini tupu. Dereva wake akafunga kamba, akavuta. Kijana akaweka gia ya tatu, akaachia klachi. Injini ikapasua mlio uliofika mlimani, ikatoa wingu jeusi, ikawaka. Hapo angesimama. Kabeji zilikuwa zimeanza kunyauka na sokoni hawamsubiri mtu, akaenda, mbio kuliko kawaida, kibanio kikiwa pale pale.

Mlio ulianza karibu na daraja la Ewaso Nyiro, Archers Post. Ko, ko, ko, taratibu, unaopanda na mguu na kushuka na mguu. Mlio huo hauna dawa ya njiani. Kabeji akaziuza kwa bei iliyowafurahisha akina mama wa soko, na gari likarudi Isiolo kwa kamba.

Kila fundi mwingine mjini alimwambia ampelekee yule mzee. Akampelekea, akiwa na aibu ya mtu anayerudi alikotukana. Mzee hakusema kitu. Alifungua injini siku hiyo hiyo: plagi zote nne nyeusi ti kwa masizi, kuta za silinda zimechanika mistari, na beringi za koni rodi zimelika mpaka tabaka la juu limeisha na rangi ya shaba imejitokeza. Kisha akapanda kwenye kiti kuangalia kama gia imetoka. Hapo ndipo, kwa mara ya kwanza, akakaa mahali dereva anapokaa.

"Hiki ni cha nini?"

"Kinashika choki, Mzee. Isirudi."

Mzee alikitoa, akakigeuza geuza mkononi, akakaa kimya kwa muda. Nadhani alikuwa akihesabu ngozi ya pampu aliyoibadilisha bure.

"Choki ni uji wa mzazi," akasema hatimaye. "Mama akijifungua, siku zile za kwanza unamnywesha uji mzito apate nguvu. Akishapata nguvu anakula chakula kama watu. Wewe umemnywesha mwanamke huyu uji kutwa kucha, juani, miezi mitatu. Kwa nini asife?"

Alimfundisha tena kutoka mwanzo, na safari hii alimfundisha mkono, si kichwa, akimrudisha garini kila mara. Asubuhi ya baridi vuta yote, mguu mbali na mafuta, starta. Injini ikishika, sukuma nusu mara moja, usingoje. Ondoka polepole, maana injini hupata moto upesi zaidi ikifanya kazi kuliko ikiwa imesimama inanguruma uani. Kila injini inapokuwa laini, sukuma kidogo; ikitetemeka, rudisha kidogo; ikitulia, sukuma tena. Kwa gari zima, kilomita chache za kwanza kutoka Timau zinatosha, na ukifika Subuiga na choki imetoka hata kwa upana wa kidole, umekosea. Isiolo jua likishatoka huenda usiihitaji kabisa. Injini ikiwa na moto, usiiguse, hata gari likigoma namna gani. Na usiache gari likinguruma na choki imevutwa ndani ya banda lililofungwa kwa sababu ya baridi, kwa kuwa mchanganyiko mzito hutoa kwa wingi hewa ya kaboni monoksidi, isiyo na harufu, ile ile ya jiko la makaa inayoua watu usingizini.

Hayo hayawahusu wenye Land Rover peke yao. Bodaboda nyingi zinazopanga foleni Isiolo bado ni za kabureta, na zina kijiti cha choki, kwenye usukani au ubavuni mwa kabureta. Kwenye baadhi yake hakuna kibati cha kuzuia hewa kabisa. Kijiti kinafungua njia ya pili ya petroli. Matokeo ni yale yale. Utamsikia mwendeshaji akilalamika kwamba pikipiki inakunywa na plagi haidumu mwezi, na kijiti kimeinuka tangu alfajiri. Wakulima wanaovuta maji kwa pampu ndogo za petroli kando ya mito nao wana kijiti hicho, mara nyingi kimezungukwa na udongo mkavu, hakisogei mbele wala nyuma. Asiyeamini akaangalie rangi ya plagi. Ya kahawia kama udongo mkavu ni nzuri. Nyeusi yenye masizi makavu ni choki au kabureta inayozidisha, na hakuna fundi anayepaswa kuuza kipuri kabla ya kuangalia hiyo rangi na kukaa kwenye kiti cha dereva.

Gari lilitengenezwa. Mzee alifunga beringi mpya na ringi mpya, akaweka kebo mpya ya choki inayokaa pale inapowekwa, na akashikilia kwamba haliondoki uwanjani kwake bila ile taa ya rangi ya chungwa kufanya kazi, globu na swichi yake ya joto. Hesabu ilikuwa kubwa kuliko msimu mzima wa kabeji.

Ndipo ukazuka ugomvi wa nyumbani, Timau, ni nani alipe. Mjomba alisema alimfundisha kijana kila kitu na mashahidi wapo. Kijana akasema kweli alifundishwa kuvuta, amtajie siku aliyofundishwa kurudisha. Wazee walioitwa kusuluhisha waligawanyika, waliowahi kuendesha magari ya zamani wakiwa upande wa mjomba, wasiowahi wakiwa upande wa kijana, jambo linaloonyesha wazi nani alielewa swali. Ningekuwa mmoja wao ningeamua nusu kwa nusu. Mwishowe mjomba alikubali kulipia beringi na ringi, kijana alipie kazi na kebo, na Mzee, kwa hiari yake, akarudisha pesa za ngozi ya pampu. Taa ndiyo mjomba aliyoikataa katakata. Alisema gari alilonunua yeye lilikuja na taa inayowaka, na kama iliungua mikononi mwake, basi iliungua ikiwa haina kazi.